Waipa Zinazolala Ndani

Kwanza ondoa hilo tabasamu. Hujasikia hata neno la tatu na tayari umekunja pua, kana kwamba waipa za gari haziwezi kulala ndani ya nyumba, juu ya kabati, zimeviringishwa kanga kama mtoto mchanga. Wewe umezoea miji ambayo mvua hupita kusalimia kila inapojisikia. Hapa Dodoma mvua ikiaga mwezi wa nne, imeaga. Mpaka Desemba jua linalala juu ya kioo cha gari, na raba ya waipa iliyoachwa nje unaivunja kwa vidole kama ukoko. Ndiyo maana marehemu Nasri, mchuuzi wa ufuta, kila masika yakiisha alizichomoa waipa za Corolla yake kuukuu, akazifuta, akazifunga katika kipande cha kanga na kuzipandisha kabatini. Walimcheka miaka kumi na minane. Na kila Desemba hao waliomcheka walionekana barabarani wakifuta vioo kwa mashati yao. Kwa hiyo sikiliza au nenda zako, hakuna aliyekushika mguu.

Benchi walilokuwa wanamchekea liko Chang'ombe, chini ya dirisha la chumba cha mbele cha Nasri. Ni ubao wa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, umeng'aa kwa kukaliwa. Nasri ndiye aliyeuweka, na kila asubuhi alitoa birika la kahawa chungu na vikombe vinne, hakuna aliyeulizwa senti. Alipofariki mwezi wa saba, wenzake walirudi siku ya nne baada ya maziko, wakakaa, wakanyamaza. Mjane wake, Bi Mwanamvua, alikuwa ndani amekaa eda, haruhusiwi kuvuka kizingiti. Ule ukimya wa wanaume wanne chini ya dirisha aliuvumilia siku moja. Siku ya pili akafungua dirisha, akasukuma birika nje kupitia nondo zilizopanuliwa, akawaambia kama wamekuja kunyamaza wakanyamazie kwao. Tangu siku hiyo kijiwe kikarudia kelele zake, naye akawa anakisikiliza kutoka ndani, miezi minne na siku kumi, na hakumwambia mtu kwamba ziko siku ambazo upuuzi wao ndio uliomfikisha jioni.

Eda iliisha jana magharibi. Leo ni Jumapili, saa nne ya asubuhi, na Bi Mwanamvua amekwishavaa, amefunga mkoba, amekaa dirishani. Hajatoka. Alikwishaapa kwamba hatua yake ya kwanza nje ya mlango ule itakuwa ya kwenda Chemba kumshukuru Joha, na atakayemtoa kwa jambo jingine, hata nyumba ikiwaka, atamkuta palepale.

Joha si ndugu yao. Nasri alikuwa ametoka kununua ufuta, kifua kikambana njiani, akasimamisha gari mbele ya uwanja ambapo mwanamke alikuwa anapepeta mtama. Mwanamke huyo aliacha ungo, akamwita mumewe, wakatoa godoro lao wenyewe kitandani na kumlaza Nasri juu yake kivulini. Alimpepea kwa ule ungo mpaka pumzi ilipoisha. Gari alilifungia uani kwake siku kumi na moja, analala dirisha wazi ili asikie mtu akiligusa, na lilipofuatwa halikupungua kitu. Hata nusu pakiti ya pipi za mnanaa ilikuwa palepale karibu na gia. Sasa Joha anahama. Kesho alfajiri lori la mzigo linamchukua yeye na mumewe kwenda kukaa kwa binti yao Katavi, na Katavi si mahali unapopita ukielekea sokoni.

Simu amempigia, tena si mara moja. Lakini Bi Mwanamvua anasema asante ya simu ni kama uji wa kusimuliwa, haushibishi. Mtu alikuwa amemshauri apande basi. Akamuuliza huyo mtu, aende kwa basi kwa mwanamke aliyekosa usingizi siku kumi na moja kwa ajili ya gari, ili aonekane ameliuza? Na godoro jipya la inchi sita, ambalo limekwishakunjwa na kufungwa kamba nyuma ya Corolla, alipakate mapajani?

Yote yalikuwa tayari isipokuwa waipa. Dereva, Elisha, ambaye kijiwe kinamwita Breki kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo lolote maishani, alisema wazi kwamba upande wa Chemba mbingu imekuwa nyeusi kama sufuria ya msibani, na yeye bila waipa hatoki. Aliwahi kuendesha kutoka Makutupora kichwa kikiwa nje ya dirisha, na mafua aliyopata siku hiyo anayasimulia mpaka leo. Basi Bi Mwanamvua akashusha kifurushi kutoka kabatini, akakipitisha dirishani, na wanaume wakazivalisha zile waipa kwenye mikono yake ya chuma kwa mbwembwe nyingi. Wakamwaga jagi la maji kioo cha mbele. Breki akaingia, akawasha.

Waipa zilipanda pamoja vizuri. Zilipokuwa zinashuka zikagongana, moja ikapanda juu ya mgongo wa mwenzake, zikakwama hapo zikitetemeka.

Wakazitenganisha. Wakajaribu tena. Zikagongana tena.

Hapo ndipo kijiwe kikaketi kufikiri, na kijiwe kikiketi kufikiri ujue kazi imesimama.

Wa kwanza alikuwa Seth, anayeitwa Injinia. Alilinda kizuizi cha reli pale Zuzu miaka tisa, akaamini kwamba kutazama treni zikipita nayo ni aina ya masomo.

— Ni mota, alisema Injinia. Gari limeegeshwa miezi minne uso umeelekea magharibi. Umeme ukikaa hivyo unalala upande mmoja. Sasa mkono mmoja unapata umeme mzito, mwingine unapata mwepesi.

— Ndiyo hivyo, akadakia Shaban. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Mwana gani?

— Mota.

Shaban ndiye wanayemwita Bunge. Hajawahi kugombea hata ujumbe wa nyumba kumi, lakini akitaka kuomba sukari husimama kwanza, na methali anazitoa kama mtu anayetupa mawe gizani: lazima moja impate mtu.

Injinia alitaka gari ligeuzwe, lielekezwe mashariki, lisubiri angalau mpaka adhuhuri umeme ujisambaze. Bi Mwanamvua kutoka dirishani akamwuliza kama treni za Zuzu nazo zilikuwa zinageuzwa kila asubuhi. Injinia akasema treni ni suala jingine, zile zinatumia reli.

Asif alikuwa hajasema kitu, na hiyo si kawaida. Yeye ana duka la vipuri kule barabara ya nyuma, duka la tangu babu yake, na kila anachouza ni orijino, hata kamba ya manila; jina lake la kijiweni basi ni Orijino. Asubuhi hiyo alikwishaleta waipa mpya kutoka dukani kwake, ila ndoano yake ilikuwa ya magari ya siku hizi, ikaning'inia kwenye mkono wa Corolla kama soksi kwenye mguu wa kuku. Maduka mengine Jumapili yamefungwa. Heshima yake ilikuwa imechubuka kidogo, na mtu wa namna hiyo akipata nadharia huishikilia.

— Msihangaike na mota. Kioo kimesinyaa.

— Kioo?

— Kioo. Jua la Septemba, la Oktoba, la Novemba, gari halijatembea, upepo haujakipiga. Kimerudi ndani. Waipa zenyewe ziko vilevile, zilikuwa kabatini. Sasa mnataka zipite wapi? Uwanja umepungua.

Injinia akauliza mbona vioo vya madirisha ya nyumba havisinyai. Asif akamjibu kwamba hajavipima.

— Asif, alisema Bi Mwanamvua.

— Naam, shemeji.

— Na miwani yako, ilianza kusinyaa lini?

Walicheka mpaka Breki akapiga honi bila kukusudia. Bunge hakucheka. Alikuwa amesimama, mkono mmoja mgongoni, anasubiri nafasi.

— Wenzangu, mnatazama chuma wakati jambo hili ni la moyo. Hizi waipa zimelala nguo moja miezi saba, kifua kwa kifua. Leo mnazitenga, kila moja na mkono wake, halafu mnasema zinagombana. Hazigombani. Zinatafutana.

— Kwa hiyo tufanyeje?

— Tuzizoeshe. Leo zikae nje zikitazamana, kesho tujaribu polepole, keshokutwa ziko sawa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

— Kesho Joha hayupo, alisema Bi Mwanamvua.

Hakupaza sauti, na kwa sababu hakupaza sauti, Bunge aliketi.

Ni kweli kwamba simu ilikuwa imelia muda mfupi kabla. Joha alikuwa anafunga vyombo. Alisema huko wingu limekwishashuka, mama asijisumbue na safari ya mvua, nia yake imefika. Bi Mwanamvua alikata simu akiwa amekasirika. Mtu mwema ana tabia hiyo mbaya: ukitaka kumshukuru anakutafutia sababu ya kutokumshukuru. Na mtu akikuambia usihangaike, hapo ndipo unapojua huna budi.

Kahawa ikazunguka mara ya tatu. Breki, aliyekuwa bado amekaa nyuma ya usukani mlango wazi, mguu mmoja nje, alizungumza akiutazama usukani.

— Mimi naona ni mwenyewe.

— Mwenyewe nani?

— Nasri. Labda hataki gari litoke. Limemzoea. Lilipotoka mara ya mwisho lilirudi bila yeye.

Injinia alivua kofia, akaivaa tena. Ukisikia nadharia tatu za upuuzi mfululizo unazoea, ukaacha kujilinda, na hapo ndipo neno moja linapokupata kifuani. Bi Mwanamvua alikuwa ameshika nondo ya dirisha. Usiku mwingi wa eda alikuwa amejiuliza mambo ya kijinga kuliko hilo: kama Nasri alimwita, kama alikuwa na kiu, kama alimchukia kidogo kwa kutokuwepo. Aliachia nondo, akajipangusa kiganja kwenye kanga.

— Elisha.

— Naam.

— Nasri alikuwa akipishwa njia na punda anapiga honi ya asante. Punda. Umepanda naye gari miaka mingapi, na hujaliona hilo?

— Nimeliona.

— Basi usinisingizie mume wangu. Huyo angekuwa hapa, saa hizi tungekuwa tumeshavuka Makutupora. Gari halina kinyongo. Lina waipa mbovu na mafundi wabovu kuliko hizo waipa.

Breki aliinamisha kichwa, akasema samahani, shemeji. Aliisema kwa dhati, na Bi Mwanamvua akajua hivyo, wala hawakulirudia.

Ndipo akaja Ritha. Huyu ni fundi cherehani aliyepanga chumba cha mkabala, hajamaliza hata mwezi, na kijiwe kilikuwa bado hakijampa jina. Alivuka barabara na kikombe kitupu mkononi na futi ya kitambaa shingoni, akawaamkia wazee, akageukia dirishani.

— Shikamoo, bibi. Nimesikia harufu toka alfajiri nikajikaza, nimeshindwa.

— Marahaba. Aliyejikaza kwa ajili ya kahawa ana kichwa kigumu. Mpeni.

Wakati Bunge anammiminia, Ritha akaegemea gari, akatazama kioo. Breki alikuwa amezisimamisha zile waipa ili zisigusane, zimenyooka hewani zote mbili kama mikono ya mtu aliyekamatwa. Ritha akazitazama kwa namna mafundi cherehani wanavyotazama suruali ya mpita njia, bila ruhusa.

— Samahani, alisema. Hizi hazilingani.

— Hazilingani vipi?

— Hii imeizidi hii. Vidole vitatu, au na nusu. Akavuta futi shingoni, akapima moja, akapima ya pili, akasema inchi ishirini na inchi kumi na nane na kitu. Ipi ni ya upande wa dereva?

Hilo tu. Swali la mtu aliyetaka kujua.

Injinia alimtazama Asif. Asif alifuta miwani. Bunge akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ubao ule uwekwe juu ya matofali, akaufunga bila kutoa kitu. Wanne hawa wamelitazama gari hili miaka kumi na minane, kila masika, likija na kuondoka mbele ya magoti yao. Wangeweza kukuambia kioo kinasinyaa kwa kiasi gani na umeme unalalia upande upi. Ipi ni ya dereva, hakuna aliyejua.

Breki akasema inawezekana walibahatisha tu walipozivalisha. Injinia akasema hakubahatisha, alikadiria. Bunge, ili afanye jambo, akainua birika amwongezee Ritha. Likatoa machicha, likatoa tone, likaisha.

Bi Mwanamvua alikuwa analitazama lile birika, mkono wa Bunge na kile kirungu cha mfuniko. Kirungu kilikuwa kimezungushiwa uzi mwekundu, nyuzi nyingi zilizokazwa pamoja, ili kisichome vidole. Aliuzungusha mwenyewe mwezi wa nane.

Mwezi wa nane alikuwa anapanga kabati kwa sababu mtu aliye kwenye eda hupanga kabati hata mara tatu kwa juma. Akakuta kile kifurushi kimeshika vumbi. Akafua kanga. Mojawapo ya waipa ilikuwa imefungwa uzi mwekundu karibu na ndoano, akaona ni takataka za Nasri, mtu asiyetupa hata kifungo, akaufungua. Uzi ulikuwa mzima, kwa nini uende jalalani? Na birika lilikuwa linawachoma wale wajinga wa nje.

Sasa ndipo sauti ikamjia, ile ya kila mwaka, ya Nasri amesimama kwenye kiti akipandisha kifurushi juu: nyekundu ni ya macho yangu, mama, iliyobaki ni ya kwako wewe abiria. Miaka kumi na minane anaambiwa, na miaka kumi na minane anajibu haya, haya, shuka utaanguka.

— Nipe birika, alisema.

Bunge akalipitisha haraka, akidhani linajazwa. Bi Mwanamvua akalipokea, akakaa nalo kitandani, akaanza kuutafuta mwisho wa uzi kwa kucha. Ulikuwa umekolea kahawa, umekuwa wa rangi ya tofali. Ulifunguka taratibu. Wale nje walisubiri bila kusema, na ukimya ule haukuwa kama ule wa siku ya nne.

Akautoa mkono dirishani na uzi umejikunja kiganjani.

— Fungeni ile ndefu. Ndiyo ya dereva.

— Umejuaje, shemeji? aliuliza Asif.

— Ilikuwa na uzi huu tangu mvua zilipoisha. Ninachokumbuka ni kwamba iliyokuwa na uzi, ncha yake ilikuwa inachungulia nje ya kanga, kanga haikuitosha. Mwenyewe alizitia alama. Mimi ndiye niliyeondoa alama, nikawafungia ninyi msiungue.

Injinia aliuchukua uzi kwa mikono miwili, kama anapokea mkate.

Breki alikunja kile kipande cha kanga mara nne akakilaza juu ya kioo, kwa sababu mkono wa waipa ukikuponyoka bila waipa hupiga kioo kama nyundo, na hilo angalau Nasri alikuwa amefaulu kumfundisha. Akaminya kiklipu, akavuta waipa ndefu chini, ikatoka kwenye ndoano. Akavuta fupi. Akabadilisha, ndefu kwa dereva, fupi kwa abiria, kila moja ikaingia kwa mlio mdogo wa kukubali. Ritha akafunga uzi, fundo la fundi, halifunguki. Jagi lilikuwa na maji ya mwisho. Wakayamwaga.

Zikapanda. Zikashuka. Zikapanda tena, moja ikimpisha mwenzake kwa nafasi ya kidole, na kioo kikabaki safi, ukaweza kuuona ule usukani na mikono ya Breki juu yake. Breki alizima, akawasha tena, akazima. Haikuhitajika. Alitaka tu kuona.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Bunge kwa sauti ndogo.

Wakamtazama wote. Methali ilikuwa imetua mahali pake, na yeye mwenyewe alionekana kushtuka.

Bi Mwanamvua hakuwa dirishani. Walimsikia jikoni, kuni zinavunjwa, maji yanachemka, kinu cha kahawa. Mtu anayeharakia Chemba kabla ya mvua, akasimama kuchemsha kahawa. Usiniulize, hata yeye asingekujibu. Godoro likakazwa kamba upya. Tone la kwanza likaanguka juu ya boneti, kubwa, la vumbi, likafuatwa na jingine mbali kidogo. Harufu ya ardhi ikapanda kutoka kila upande.

Mlango ukafunguka.

Hawakupanga, lakini wote wanne walisimama. Watu hawa hawajawahi kumsimamia hata shekhe. Huwa wanasogea tu. Alikuwa amejitanda kanga mpya, mkoba kwapani, birika mkononi, na alikuwa amepungua kuliko walivyofikiri, kwa kuwa kwa miezi minne walikuwa wameona uso na sauti tu. Akatanguliza mguu wa kulia.

— Kaeni. Mimi si mgeni rasmi.

Wakakaa. Akaweka birika katikati ya ubao, mahali alipokuwa analiweka Nasri.

— Mfuniko hauna uzi. Shikeni kwa kitambaa, msije mkasema sikuwaambia. Ritha, wewe kaa na kijiwe, na kikianza kukuambia kioo kinasinyaa, uondoke.

Ritha akacheka, akasema sawa bibi. Bunge alikuwa anahangaika na kofia yake.

— Shemeji, alisema. Miezi minne tumekupigia kelele chini ya dirisha. Utuwie radhi.

Bi Mwanamvua alimtazama, akawatazama wale wengine mmoja mmoja, Injinia, Orijino, na Breki aliyekwishawasha gari.

— Nani amekuambia nilitaka mnyamaze?

Kisha akageuka, akavuta mlango kwa mikono miwili kwa sababu ulikuwa umekaza kwa kutotumika, akaufunga nyuma yake, akaelekea kwenye gari.